Lalamiko Dhidi ya Sikio Moja

3 Machi

Kwa Ofisi ya Hakimiliki za Wanamuziki,
Dirisha la Malalamiko.

Ndugu Mkuu,

Mimi ni fundi makochi. Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na minne, nilikuwa mpiga gitaa na mwimbaji, na bendi yetu ilitoa kaseti moja yenye nyimbo kumi na moja. Nasema moja ili msihangaike kutafuta ya pili.

Wiki iliyopita niliitwa kwenye mgahawa mmoja kubadilisha vitambaa vya viti. Nikiwa nimepiga magoti chini ya meza, misumari mdomoni, nikasikia wimbo wangu "Mpangaji wa Juu" unatoka kwenye spika. Nilitema misumari. Nikamwambia mhudumu, "Huyo ni mimi." Akanitazama nilivyokaa pale chini, akasema, "Mzee, wenyewe hawajulikani. Imeandikwa hapa." Akanionyesha simu. Kweli imeandikwa: Nyimbo tamu za zamani, wasanii hawajulikani. Aliyeziweka mtandaoni anajiita Sikio Moja. Zimesikilizwa mara laki mbili na ushee, bure.

Ndugu Mkuu, mimi najulikana. Najulikana na mwenye nyumba, najulikana duka la sponji, najulikana sana na mama mkwe. Iweje nisijulikane kwenye wimbo wangu mwenyewe?

Naomba huyo Sikio Moja atafutwe. Sisemi afungwe. Nasema atafutwe kwanza, mengine tutaona.

Wenu,
Fundi Makochi


4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Sikupigii simu kwa sababu ofisini dawati la pili lina masikio marefu, na chumbani kwangu kuta ni za mbao. Soma barua hii ukiwa umekaa, kisha ichane. Usiichane vipande vikubwa.

Leo asubuhi Mkuu wa Kitengo ameweka faili mezani kwangu. "Hili jepesi," akasema, "jifunzie." Ni faili langu la kwanza kushika peke yangu, na nilifurahi kwa muda wa kufungua jalada tu.

Unaikumbuka kaseti ya baba, ile iliyobanduka karatasi ya majina, niliyokuwa nikiisikiliza nikisomea mitihani? Unakumbuka mwaka wa mwisho wa chuo nilipoazima kompyuta yako nikaziweka nyimbo zile mtandaoni, nikajiita Sikio Moja kwa kuwa spika zangu za masikioni zilikuwa zimekufa upande wa kulia? Mwenyewe amejitokeza. Ni fundi makochi, anaishi mji wa pili kutoka hapa. Anaomba Sikio Moja atafutwe. Na wa kumtafuta nimewekwa mimi.

Dada, bado niko kwenye majaribio. Umebaki mwezi mmoja na siku tisa nithibitishwe kazini. Kila siku nagonga mhuri kwenye barua zinazosema kusambaza kazi ya mtu bila ruhusa yake ni kosa. Nimezigonga nyingi mpaka kiganja kimeota sugu, nami nilikuwa naziamini zote. Siku ile nilipoziweka nyimbo sikufikiria ruhusa. Niliona tu ni vibaya kitu kizuri namna ile kisikilizwe na mtu mmoja chumbani. Sikupata hata senti. Lakini hata huo si utetezi. Tulifundishwa siku ya pili ya semina, na mimi ndiye niliyenyoosha mkono kujibu.

Leo sijala. Nifanye nini?

Mdogo wako


9 Machi

We mtoto,

Nimeisoma nikiwa nimesimama, maana wodi yetu haina kiti kizima, na sijaichana kwa sababu imenichekesha.

Sikiliza. Ingia mtandaoni, futa kila kitu, funga mdomo. Halafu andika kwenye faili "mhusika hakupatikana", gonga huo mhuri wako wa sugu, weka kabatini. Nani atakuja kuuliza? Unaogopa kivuli chako tangu ulipokuwa na miaka minne, ulipokwenda kumwambia mwalimu wa jirani kwamba umekanyaga ua lake, na ua lenyewe lilikuwa magugu.

Na acha kujiita mwizi. Kaseti ile baba aliinunua kwa jasho lake. Madukani haipo tangu tuko wadogo. Kama si wewe, hao watu laki mbili wangeijulia wapi? Mzee wako angekuwa chini ya meza na misumari yake, kimya, spika inatangaza matokeo ya mpira. Ungemchukulia mtu kitu anachokiuza ningekuelewa. Yeye anauza nini? Makochi!

Kula. Ukikonda mama atanilaumu mimi.

Dada'ko


14 Machi

Ndugu Fundi,

Kuhusu: Lalamiko dhidi ya anayejiita Sikio Moja

Ofisi imepokea barua yako ya tarehe 3 Machi na inakupa pole kwa yaliyokupata. Uchunguzi umeanza. Kwa uzoefu wa ofisi, watu wanaotumia majina ya kubuni huwa ni vigumu kupatikana, hivyo unaombwa kuwa na subira.

Ili nyimbo zako zisajiliwe rasmi, tafadhali leta kaseti yenyewe pamoja na majina ya wote walioshiriki. Kwa ajili ya kumbukumbu, ofisi imeziandika kuwa ni kazi ya sauti moja na magitaa mawili, ambapo gitaa la pili hulijibu la kwanza, hususan katika wimbo "Mpangaji wa Juu" baada ya ubeti wa pili, mahali ambapo gitaa la kwanza hunyamaza kabisa na la pili hubaki peke yake.

Wako katika kazi,
Karani, Dawati la Tatu


20 Machi

Mwanangu Karani,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, mke wangu akiwa anashona foronya za mito. Nilipofika penye gitaa la pili akaacha kushona. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena, polepole."

Nikueleze. Gitaa la pili ni yeye. Tulipoingia studio, fundi mitambo aliweka gitaa langu upande wa kushoto, lake upande wa kulia, na sauti yangu katikati, kama watu waliokaa kwenye kochi moja. Sasa tangu nimsikilizishe hizo za mtandaoni, humu ndani hakukaliki. Upande wa kulia ni mtupu! Pale baada ya ubeti wa pili kuna kimya tu, kama mwanamuziki amekwenda kumfungulia mgeni mlango. Humo ndimo alimokuwa anapiga yeye. Ananiambia, "Watu laki mbili wamekusikia wewe. Mimi niko wapi?" Anashuku nilimfuta. Mimi huyu, nisiyejua kufuta hata namba kwenye simu.

Kaseti ya kuwaletea hatuna. Yetu ilitafunwa na redio miaka tisa iliyopita, na redio yenyewe ikafa kwa kuvimbiwa.

Uchunguzi usiuharakishe, mwanangu. Naona ofisi yenu ina masikio mazuri. Nilitaka kuuliza jambo dogo tu: hilo gitaa la pili, nyinyi mmelisikilizia wapi?

Fundi Makochi

Mke wangu anakusalimu. Hajawahi kusalimu ofisi.


22 Machi

Dada,

Nimejikamata mwenyewe.

Nilitaka faili liwe kamili. Unanijua, siwezi kuacha mstari mtupu kwenye fomu. Nikaziandika nyimbo zile kama zilivyo kichwani mwangu, yaani kama zilivyo kwenye kaseti, magitaa yote mawili, mpaka mahali moja linaponyamaza. Sikujua kwamba mtandaoni gitaa la pili halimo. Kwa miaka minne sijawahi kuzisikiliza kule. Za nini, wakati kaseti ninayo kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda? Sasa mzee ananiuliza kwa upole kabisa nimelisikilizia wapi.

Jana saa ya chakula niliazima spika za masikioni za ofisi, nzima pande zote, nikasikiliza. Kushoto yupo mzee. Kulia hakuna kitu, dada. Hata mvumo. Waya wa spika zangu zile za masikioni, uliokufa upande wa kulia, ndio niliounganishia redio na kompyuta siku ya kurekodi. Nilimfungia mama wa watu nje ya wimbo wake na sikuwahi hata kugeuka nyuma kuangalia kama wote wameingia.

Uliniuliza anauza nini. Hauzi kitu, ni kweli. Lakini nikimfikiria anashona foronya huku anauliza "mimi niko wapi", lile jibu lako naliona jepesi, na lile langu, kwamba sikupata hata senti, lilikuwa jepesi zaidi.

Nilifungua ukurasa. Kidole kilikuwa juu ya neno Futa. Nikilibonyeza, ushahidi umekwisha, nathibitishwa kazini, naendelea kugonga mhuri. Lakini wao hawana kaseti tena. Kaseti ninayo mimi, na siwezi kuwapa bila kusema mimi ni nani. Nimelizunguka jambo hili tangu jana kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma kwenye chumba chenye mlango mmoja. Nikaondoa kidole.

Nitawaandikia. Nakuambia mapema: nikifukuzwa kazi nitakuja kulala kwenye kochi lako.

Mdogo wako


25 Machi

Mdogo wangu,

Kochi langu lina shimo katikati, kwa hiyo ukimwandikia huyo fundi muulize na bei ya kuliziba.

Nimefikiria zamu nzima. Huku wodini kuna mkubwa mmoja anayesoma ripoti zangu kwenye kikao bila kusema nani ameziandika. Hajanichukulia senti. Mshahara wangu uko palepale. Lakini kila akifungua mdomo na kusema "kama tulivyoona", nachemka mpaka masikio. Nimelikumbuka hilo nikiwa natundika dripu, na nimeona nilikujibu kama yeye.

Andika. Na useme kompyuta ilikuwa yangu. Usijifanye shujaa peke yako.

Dada'ko


27 Machi

Mzee wangu, na Mama,

Karatasi hii nimeinunua mwenyewe. Si ya ofisi, na ninayoyaandika humu ofisi haijayajua.

Sikio Moja ni mimi. Kaseti yenu baba yangu aliinunua mlangoni mwa ukumbi mlimopiga, kabla sijazaliwa. Nilikua nayo. Nilipokuwa chuoni niliiweka mtandaoni kwa kompyuta ya dada yangu, na dada amesisitiza nimtaje. Niliandika kwamba hamjulikani kwa sababu karatasi ya jalada ilikuwa imebanduka. Sikutafuta. Ningeweza kumuuliza baba. Sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kusifiwa kwa kuwapa watu kitu kizuri. Mama, wewe uliachwa nje na waya mbovu, lakini waya ule niliuchomeka mimi.

Halafu nilipoletewa lalamiko lenu nilijificha ndani yake. Ile barua ya tarehe 14, yenye "kuwa na subira", niliiandika nikitumaini mtachoka.

Kaseti ipo. Haijakatika popote. Ni yenu mkiitaka, na lolote mtakaloamua kuhusu mimi nitalipokea. Naomba tu msidhani kwamba niliichezea. Hakuna kitu nilichokipenda zaidi mwaka ule.

Karani wa Dawati la Tatu


2 Aprili

Mwanangu,

Tulijua. Tuliuza kaseti mia tatu tu, nyingi kwa ndugu wasiozisikiliza, na wewe ukatuandikia mpaka gitaa langu linaponyamaza! Mke wangu alisema palepale, "Huyu ndiye." Nikasema tukushtaki. Akasema, "Muulize kwanza, uone atajibu nini." Basi nikauliza.

Hasira ninazo, usidhani sina. Lakini kuna kitu sikukiandika kwenye lalamiko kwa sababu kingelipunguzia uzito. Siku ile mgahawani, meza ya pili, mama mmoja alikuwa anauimba wimbo wangu neno kwa neno, anapigapiga kijiko kwenye kikombe. Mimi chini ya meza nalia na misumari yangu. Sasa nimkasirikie nani? Ungenigongea mlango ningekupa nyimbo zote, na soda juu. Shida ni kwamba hukugonga. Ngoja, huyu ananinyang'anya kalamu.

Mimi ndiye gitaa la pili. Yeye angekupa zote, mimi nisingekupa. Kwenye wimbo wa saba kamba yangu ilikatika katikati, nikamalizia na tano zilizobaki, na fedha ya kurudia studio haikuwepo. Miaka yote hii nimekuwa nashukuru kaseti haikuenda mbali. Ungeniuliza ningesema weka kumi, wa saba uache. Ndiyo maana mtu huulizwa, binti. Sasa wa saba umesambaa, na mimi simo! Ona ulivyoniweka: sijui nikasirike kwa kusikika au kwa kutosikika.

Sikiliza masharti yangu. Kaseti uilete mwenyewe mkononi, siiamini posta. Nyimbo uzishushe, zirudi zikiwa na pande zote mbili na majina yetu, na anayetaka kuwa nazo anunue kwetu. Wa saba haurudi. Na Mkuu wako umwambie wewe kwa mdomo wako, kabla hujafika hapa. Sitaki kuhudumiwa na mtu aliyejificha chini ya meza. Ninaye mmoja tayari.

Gitaa la Pili


19 Aprili

Dada,

Nimekula. Naanza na hilo ili usiruke mistari.

Mkuu wa Kitengo nilimwambia asubuhi ya Jumatatu, nimesimama, maana miguu ilikataa kukunjika. Alivua miwani, akaifuta kwa tai. Kisha akasema, "Miaka kumi na tisa natafuta hawa watu. Wewe ni wa kwanza kuja kwa miguu yake." Nikadhani nimepona. Sikupona. Faili limehamia dawati la pili, ambalo sasa linajua kila kitu. Nimepewa barua ya onyo, majaribio yangu yameongezwa miezi sita, na mpaka Oktoba sigusi faili lolote la wale wawili. Barua ya onyo nimeigonga mhuri mwenyewe. Alinipa niigonge. Nadhani ilikuwa sehemu ya adhabu, lakini niliigonga vizuri, haikupinda.

Halafu nikaenda kwao na kopo la biskuti mapajani safari nzima.

Karakana yao ni chumba kimoja kirefu kinachonuka gundi na sponji mpya. Mzee ni mfupi kuliko sauti yake. Mama alinipokea na sindano mdomoni, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kumbe Sikio lenyewe ndilo hili? Dogo hivi?" Wakaazima redio ya jirani, wakaijaribu kwanza kwa kaseti ya mahubiri, kwa usalama. Tukakaa watatu kwenye kochi la mteja lisilo na kitambaa.

Kwenye "Mpangaji wa Juu", ulipokwisha ubeti wa pili, gitaa la mzee likanyamaza. Likaingia gitaa la kulia. Vidole vya Mama vilikuwa vinapiga kwenye goti langu, dada, goti langu, wala hakujua si lake. Mzee akamwambia, "Uko hapo." Akamjibu, "Nyamaza, nasikiliza."

Wa saba Mama alitaka tuuruke. Mzee akajifanya haoni kitufe. Mama akausikiliza wote kwa kujikunyata, kamba ilipokatika akafumba macho, na ulipokwisha akasema, "Hebu rudisha." Baadaye akasema, "Kumbe sikuharibu sana." Baada ya chai akasema wa saba nao urudi, lakini iandikwe pembeni kwamba ni kamba tano.

Tumezirekodi upya na waya mzima. Wamenitajia majina yao, na la fundi mitambo aliyewaketisha kushoto na kulia. Nimeyaandika yote chini ya kila wimbo. Nakala ya kwanza nimenunua mimi. Niliomba kupunguziwa. Mama alikataa.

Kochi lako mzee atakuja kuliona mwezi ujao. Anasema shimo la katikati si la kuziba, ni la kufumua lote.

Mdogo wako


11 Mei

Kwa Ofisi ya Hakimiliki za Wanamuziki,
Dirisha la Malalamiko.

Ndugu Mkuu,

Nyimbo zetu zimerudi mtandaoni, zikiwa na pande zote mbili na majina yote, na tunashukuru.

Ila juzi, chini ya "Mpangaji wa Juu", msikilizaji mmoja ameandika: "Nani ameongeza hili gitaa la pili? Wimbo wa asili ulikuwa mtamu zaidi." Watu arobaini wamemuunga mkono.

Naomba atafutwe. Mume wangu anacheka tangu asubuhi na kazi za wateja zimelala. Yeye naomba apewe onyo.

Nimeambiwa dawati la tatu haliruhusiwi kushika faili letu mpaka Oktoba.

Nitasubiri.

Gitaa la Pili